Jina la Kanga: Kusoma, Kuvaa na Kuweka Akiba Visiwani

Katika maduka ya nguo ya Mchangani, mjini Unguja, kuna jambo ambalo mtu hulishuhudia akikaa nusu saa tu karibu na meza ya muuzaji. Mwanamke huingia, huelekeza kidole rafuni, na muuzaji huiteremsha doti na kuikunjua kwa mpigo mmoja wa mkono. Mnunuzi huitazama rangi, huishika ncha na kuisugua kwa vidole ili ajue kama pamba ni nzito au ni wanga mtupu utakaoondoka nguo ikifuliwa mara ya kwanza, kisha huigeuza mpaka maandishi yaliyo juu ya pindo la chini yamkabili, akayasoma kimya kimya. Hapo ndipo biashara inapoamuliwa. Nimepata kuona doti mbili zenye rangi moja, pindo moja na bei moja, zilizotofautiana kwa maneno yale tu: moja ilimalizika kabla ya Adhuhuri, na nyengine ikaendelea kulala rafuni mpaka muuzaji akaishusha bei.

Mnunuzi yule amenunua nini hasa? Kama angekuwa amenunua nguo, doti zote mbili zingekwenda sawa, kwa kuwa zinasitiri sawa. Tumezoea kuyatenga mambo: kusoma tunakupeleka skuli, mitindo tunawaachia vijana, na fedha tunaziweka benki na kwenye simu. Kanga haikubali mgawanyo huo. Mwanamke anayelalamika kuwa hana kitu, na papo hapo ana doti arubaini sandukuni, haeleweki mpaka mambo hayo matatu yatazamwe kwa pamoja, na wengi wanaomlaumu wamelitazama moja tu.

Kwanza kitu chenyewe. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyochapwa kwa mfululizo bila ya kutenganishwa. Kila kipande kina pindo linalokizunguka pande zote nne, kina mji, ndio uwanja wa katikati, na kina jina. Sisi visiwani hatuna mazoea ya kusema "maandishi ya kanga"; tunasema jina, na tunauliza, "Hii ina jina gani?" kama vile tunavyouliza habari za mtoto aliyezaliwa. Kisutu peke yake, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe anayopewa biharusi, ndiyo iliyoweza kuishi miaka yote bila ya kutegemea jina, kwa sababu sura yake yenyewe inatosha kutambulisha shughuli. Aliyenunua doti huikata katikati, huzipinda ncha kwa mkono au kwa cherehani, moja akajifunga na moja akajitanda. Hapa pana jambo dogo ambalo nitalirejea: doti ambayo haijakatwa inaweza kutolewa zawadi, kulipia deni, au kurudishwa dukani kwa kubadilishwa. Ikishapita mkasi, imekuwa nguo ya mtu.

Neno doti lenyewe liliwahi kuwa neno la hesabu za fedha. Katika karne ya 19, misafara iliyotayarishwa Zanzibar na kuvukia Bagamoyo kwenda bara haikubeba sarafu za kutosha, maana huko ndani sarafu hazikuwa na soko. Ilibeba ushanga, waya na, zaidi ya vyote, nguo. Posho ya wapagazi ilikuwa nguo, hongo za watawala wa njiani, yaani ushuru wa kupita, zilikuwa nguo, na chakula kilinunuliwa kwa nguo, ikihesabiwa kwa shuka, ambayo ni mikono minne, na kwa doti, ambayo ni mikono minane. Iliyotakiwa kuliko zote ilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyofumwa Massachusetts na kuletwa na majahazi makubwa ya Salem, hasa baada ya Sayyid Said bin Sultan kufunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipoikata pamba hiyo, viwanda vya Uingereza na India viliingia mahali pake, lakini watu waliendelea kuiita merikani. Kwa hiyo kabla ya kanga kuzaliwa, nguo iliyoitangulia ilikuwa tayari imeshakuwa fedha, yenye kipimo, yenye thamani inayojulikana kutoka pwani hadi maziwa makuu.

Fedha za chuma, kwa upande wake, zilikuja na kuondoka. Neno fedha ni madini ya Waarabu na neno pesa ni paisa ya Wahindi, na yote mawili yanaeleza ni nani waliotuletea sarafu. Sayyid Barghash alitengeneza pesa zake za shaba mwaka 1882, karne mpya ikaikuta rupia ikitawala, mwaka 1936 rupia ikaondolewa na kuingia shilingi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1966 ikaja shilingi ya Tanzania. Mwanamke wa Kipemba aliyezaliwa mwaka 1925 alihesabu rupia utotoni, akaolewa kwa shilingi ya mfalme, na akazeeka kwa shilingi ya jamhuri. Katika umri wake wote, kitu kimoja alichokiweka sandukuni hakikubadilishwa na serikali yoyote, nacho ni doti. Sioni kuwa ni ujinga mtu kama huyo kuiamini nguo kuliko noti.

Lugha ya harusi zetu inalihifadhi jambo hili kwa uwazi usio na shaka. Posa inapokubaliwa, upande wa mume hudaiwa mkaja, kilemba, na pengine ubeleko. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Kilemba ni nguo ya kichwani ya mwanamume. Ubeleko umetokana na mbeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Siku hizi yote hayo hutolewa kwa fedha taslimu, ndani ya bahasha, wala hakuna anayetarajia kuona nguo. Lakini jina halikubadilika, na mama anayepokea mkaja wake anakumbushwa, kwa neno moja, kuwa anachopewa ni heshima ya tumbo lililomzaa biharusi.

Nguo za aina hii zilipata uzito mwengine kabisa kutokana na utumwa. Mtumwa wa Unguja na Pemba alijulikana kwa macho kabla ya kusema neno: alivaa merikani isiyotiwa rangi au kaniki nyeusi, kichwa wazi, miguu mitupu. Soko la watumwa la Mjini lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897, na masuria wakaachwa nyuma wakisubiri mpaka 1909. Sheria ikamwambia mtu kuwa yu huru, lakini sheria haionekani njiani. Kilichoonekana ni nguo. Ndiyo maana miaka ile ile, mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Ng'ambo, ile mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na wa mashambani waliiacha kaniki na kuingia kwenye leso za rangi, zile zilizoshonwa kwa kuunganisha vitambaa sita vya mraba, na hatimaye kwenye kanga iliyochapwa nzima, wakajitanda vichwa vyao kama walivyojitanda mabibi wa mjini. Mchuma karafuu aliyelipwa kwa pishi, akatumia malipo ya wiki nzima kwa doti moja, amehesabiwa na baadhi ya waandishi wa zamani kuwa ni mfujaji. Mimi nadhani alijua vyema alichokilipia. Alikuwa ananunua haki ya kupita mbele ya nyumba ya bwana wake wa jana bila ya kutambulikana kuwa ni mtumwa, na haki hiyo haikuwa ikiuzwa mahali pengine popote.

Sasa tuje kwenye kusoma, ambako ndiko penye utajiri na penye kusahauliwa. Majina ya mwanzo ya kanga yaliandikwa kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, na sababu yake ni nyepesi: ndizo herufi ambazo wateja walizijua. Mtoto wa kike hakupelekwa skuli ya serikali, kwa kuwa skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1927 tu, lakini alipelekwa chuoni, yaani madrasa ya Kurani, akapiga alifu kwa kijiti, akahitimu juzuu, na wengi wao wakaweza kuandika barua za nyumbani kwa herufi hizo hizo. Hali ilibadilika hatua kwa hatua. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, skuli zikafundisha kwa herufi za Kirumi, na kanga nazo zikahama. Mwanamke aliyekuwa msomaji akaamka siku moja akiwa hajui kusoma, ilhali hakusahau chochote. Ni herufi zilizomkimbia.

Bibi yangu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wao. Aliishi Wete, alisoma msahafu kila alfajiri, na katika hesabu za serikali alikuwa miongoni mwa wasiojua kusoma wala kuandika. Nilipofika darasa la tatu alianza kunichukua dukani kila msimu wa karafuu unapomalizika. Muuzaji akiikunjua doti, bibi ananisogeza mbele kwa kunishika bega na kuniambia, "Soma, mwanangu, taratibu." Ninasoma silabi kwa silabi, kidole kikifuata juu ya kitambaa. Ananiambia, "Rejea." Ninarejea. Kisha yeye hunyamaza, macho yakiwa mbali, midomo ikitembea kidogo, na mwishowe hutikisa kichwa au huuliza bei. Siku moja nilisoma "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", nikaona ni maneno mazuri yenye mizani, nikamshauri achukue. Akanijibu kuwa kanga hiyo si ya kuvaliwa na mtu anayeishi nyumba moja na wakwe zake. Nilikuwa nimesoma herufi zote bila ya kukosea hata moja, na jina sikulisoma.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kusoma kanga. Maneno yaliyoandikwa ni nusu ya habari, na nusu ya pili inatokana na mvaaji, mahali, siku, na macho yanayotazama. Chukua jina ambalo karibu kila mtu analijua: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Likivaliwa na bibi wa miaka 80 akienda khitmani, ni nguo tu, na pengine ni zawadi ya mjukuu. Likivaliwa na mke aliyerudi kwa mumewe baada ya mtaa mzima kusema kuwa ndoa imekwisha, ni tangazo. Likivaliwa na jirani aliyegombana jana, akapita nalo mara tatu mbele ya baraza ya mwenzake akienda kuchota maji ambayo nyumbani kwake yapo, basi ni barua iliyopelekwa kwa mkono, na mpelekewa ameipokea. Maandishi hayakubadilika hata nukta. Na uzuri wa barua ya namna hii, au hatari yake, ni kwamba mwandikaji anaweza kuikana wakati wowote: "Mimi nimeikuta dukani, nimependa rangi." Hakuna sheha wala kadhi anayeweza kumhukumu mtu kwa kupenda rangi. Katika jamii ambayo mwanamke mwenye adabu hatarajiwi kuinua sauti, njia ya kusema bila ya kufungua mdomo haikuwa mchezo. Ndoa nyingi zilisuluhishwa kwa njia hiyo, na nyengine zilivunjika.

Kwa sababu hiyo zawadi ya kanga ni kazi inayohitaji umakini kuliko zawadi ya fedha. Wanaume wengi hununua kwa kutazama rangi, na wake zao husoma. Wifi anayepeleka doti iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" kwa mke wa kaka yake anaweza kuwa hakusudii lolote, lakini doti hiyo itakunjuliwa mbele ya watu, itasomwa kwa sauti, na kila aliyepo ataanza kukumbuka mambo. Aliyetaka salama huchukua dua, shukrani kwa mama, au "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu", maneno yasiyoweza kumchoma mtu. Ndiyo maana majina ya aina hiyo hayapitwi na wakati, na wauzaji huyaweka akiba daima.

Mtindo huohuo wa kusoma unaonekana kwenye taarab, ambapo fedha hujiunga waziwazi. Mwimbaji anapofika kwenye ubeti unaomgusa mtu, mwanamke huinuka kitini, hutembea polepole akicheza mpaka mbele, na kumtunza mwimbaji kwa noti iliyonyanyuliwa juu ili wote waione. Noti ile inalichukua neno la mshairi na kulifanya kuwa neno la aliyelilipia. Aliyekaa upande wa pili naye husubiri ubeti wake.

Tukirejea dukani, sasa inaonekana kwa nini jina hutia au huondoa thamani. Mfanyabiashara wa kanga ni mtu wa masikio. Hukusanya maneno kwenye mithali, mafumbo, nyimbo na matukio ya siasa, huyachagua, na kuyapeleka kiwandani pamoja na mchoro. Kiwanda hicho kwa muda mrefu kilikuwa mbali sana na msomaji: kanga zetu zilichapwa Uingereza, Helmond kule Uholanzi, India na Japani, kisha mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na siku hizi nyingi zinatoka India na China. Mchapaji hajui Kiswahili, na ndipo zinapotoka doti zenye neno lililokatwa vibaya au herufi iliyorukwa. Nimemwona mnunuzi akiiacha doti nzuri ya rangi ya zambarau kwa sababu ya kosa la herufi moja, akisema kuwa hawezi kutembea na neno bovu mgongoni. Sijui kipimo kizuri zaidi cha usomaji katika jamii kuliko huyo.

Majina makali huchangamka haraka na kufa haraka. Kanga ya mafumbo ikitoka hugombewa, ikienea mtaa mzima haina tena siri, na baada ya miezi michache aliyeivaa anaonekana amechelewa. Mtindo hapa haufuati urefu wa nguo wala mshono, kwa kuwa kanga haikubadilika umbo kwa zaidi ya miaka 100, unafuata maneno. Anayeijua biashara hii hununua za mafumbo kwa ajili ya kuvaa na za dua kwa ajili ya kuweka, na hapo ndipo mwanamke anapofanya hesabu ambazo mumewe hazioni.

Hesabu hizo ziko sandukuni, au kwa waliojaaliwa, ndani ya kasha la misumari ya shaba. Doti zisizokatwa hupangwa chini, zilizokatwa juu, katikati yake hutiwa udi na asumini zilizokauka. Pakizaliwa mtoto, doti hutoka. Pakiwa na harusi, aliyefiwa, aliyerudi Hija, mkunga aliyefanya kazi usiku, somo aliyemfunda mwari, doti hutoka. Na kila iliyotoka ina kumbukumbu: fulani alinipa mbili nilipojifungua, kwa hiyo siendi kwake na moja. Hakuna daftari, lakini sijapata kuona mtu aliyesahau. Huu ni mfuko wa bima uliogawanywa katika masanduku ya ndugu na majirani, na fedha zake ni nguo. Anayesema kuwa mwanamke mwenye doti arubaini amefuja mali hajauliza ni ngapi kati yake zina mkasi na ngapi hazina.

Kwa Pemba mfuko huo hujazwa na karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hili. Msimu ukifika, wachumaji hulipwa kwa walichochuma, na usiku wanawake na watoto hukaa kuchambua, karafuu huku na makonyo, yaani vikonyo vyake, huku, vidole vikinuka mpaka asubuhi. Fedha kubwa ya karafuu zilizokaushwa na kupelekwa kwenye Shirika la Biashara la Taifa hupokelewa na mwenye shamba, aghalabu mwanamume, na huenda kwenye bati, saruji na ada. Fedha ndogo ya kuchambua na ya makonyo hubaki kwa mwanamke, na ni hiyo anayoigeuza doti kabla haijaombwa na mtu. Noti ndani ya nyumba ni ya kila mwenye shida. Doti hakuna anayeikopa kununulia mafuta ya taa.

Kuna upande mmoja ambao siwezi kuutetea, nao ni sare. Zamani watu wa karibu wa biharusi walikubaliana kanga moja kwa siku moja. Siku hizi kila usiku wa shughuli una sare yake, na asiyeivaa huonekana hakualikwa. Tuseme doti ni shilingi 15,000. Mama mwenye mabinti wawili, akialikwa harusi tatu katika Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, anahitaji doti tisa, yaani shilingi 135,000, kabla ya zawadi, kabla ya nauli. Wengi huzipata kwa upatu. Wanawake ishirini wakitoa shilingi 10,000 kila wiki, kila mmoja hupokea 200,000 mara moja kwa wiki ishirini, na kijumbe anayekusanya huombwa na kila mtu amuweke zamu yake karibu na mwezi wa harusi. Upatu ni njia njema. Kinachoniuma ni kuona 200,000 iliyosubiriwa miezi mitano ikimalizika kwa nguo ambazo hazikuchaguliwa na mvaaji, zenye jina ambalo hakulisoma. Sare imeondoa kusoma na kubakisha gharama. Nimeona familia chache zilizotangaza kuwa sare ya harusi yao ni kisutu, kwa kuwa kila mtu anayo nyumbani, na shughuli ikapendeza kama nyengine yoyote. Laiti wangekuwa wengi.

Wazee wanaoziogopa harusi hizi wanakumbuka pia miaka ya uhaba. Katika miaka ya sabini bidhaa za nje ziliadimika visiwani, nguo zilipangiwa foleni, na serikali ilikuwa na maneno yake hata juu ya mavazi ya vijana: suruali za kubana, zile za miguu mipana na sketi fupi zilipigwa marufuku. Kanga haikuguswa na amri hizo, lakini ilikosekana. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya themanini, doti zilizorudi madukani zilipokewa kama wageni waliopotea. Aliyepitia foleni zile hajapona tabia ya kuweka.

Kizazi cha sasa hutoka kwa abaya za Dubai, na kanga imebaki zaidi ya ndani, ya jikoni, ya msibani na ya kulalia. Lakini angalia simu zao. Maneno mafupi wanayoyabandika asubuhi ili mtu fulani ayaone, bila ya kumtaja, na ambayo wako tayari kuyakana wakiulizwa, ni jina la kanga lililopoteza nguo yake. Upande mwengine, huko Mji Mkongwe, nguo imepoteza jina lake: mafundi hushona mashati na mikoba ya watalii kwa kanga, na mkasi hupita katikati ya maneno. Fundi mmoja wa jirani yangu hakubali. Kabla ya kukata, huitandaza kanga sakafuni, hulitafuta jina, na kulipangia mahali mgongoni ambapo litakaa zima, ingawa mvaaji hataweza kulisoma na hakulipia kazi hiyo.

Bibi alipofariki, kanga zake ndizo zilizomsitiri wakati wa kukoshwa, kama ilivyo kwa kila mwanamke wa huku. Baada ya arubaini tulilifungua kasha lake. Zilizokatwa ziligawiwa majirani na wahitaji, na zile za chini, ambazo hazikukatwa, mama alizitoa moja moja na kutaja ni nani aliyezileta na katika shughuli gani, nasi tukaandika, ili tujue tunadaiwa na nani. Moja haikuwa na mwenyewe anayejulikana. Ilikuwa ya zamani, pamba yake nzito, jina lake limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na wajukuu tuliokuwepo tulisoma skuli sote. Ilibidi kumwita mwalimu wa chuo, mzee, akaishika karibu na dirisha na kusoma polepole, na mama akamwambia, "Rejea."